Niliacha pombe mara ine nikaanguka, mara ya tano njo nikajua naiacha juu ya nini (uzi mrefu, Bukavu)

Fundi_Cimpunda

Jambo yenu wote, bakubwa na badogo.

Nimefungua huu uzi juu ya kijana mumoja wa hapa kartiye. Juzi alinikuta ku atelie akaniuliza, papa, ulifanya je mpaka ukaacha? Nikamujibu kwa dakika mbili huku napiga randa, nikamwambia ni nguvu ya mutu mwenyewe. Usiku nikalala nikaona nimemudanganya. Nguvu nilikuwa nayo hata zile mara ine zenye nilianguka, si nguvu njo ilikosa.

Mi ni seremala, atelie iko Kadutu, naikala Cimpunda, niko na miaka 41, mama watoto na batoto bane. Nilikuwa nakunywa kila siku kisha kazi, si ya kulala mu mutaro, hapana, ile ya kufunga atelie saa kumi na mbili na kufika nyumbani saa ine ya usiku na mufuko mwepesi. Miaka kumi na mbili ivyo.

Mara ya kwanza niliacha tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, sawa batu bote. Wiki tatu. Mara ya pili dokta aliniogopesha juu ya ini, nikashika miezi mbili, maumivu ikaisha na woga ikaisha nayo. Mara ya tatu mama watoto alienda kwao Kabare na batoto, nikapanda kumutafuta, nikaapa mbele ya wakwe na mbuzi nikatoa. Mwezi moja na nusu. Mara ya nne niliapa mbele ya kanisa nzima, nikalia, na ile machozi ilikuwa ya kweli, mutu asifikiri nilikuwa nacheza teatre. Siku makumi ine. Kisha nikapata avansi ya milango mbili, nikasema nipitie pale dakika tano tu nisalimie.

Angalieni sasa. Kalenda, dokta, wakwe, kanisa. Zote zilikuwa zinanisukuma ku mugongo, na mutu mwenye anasukumwa ku mugongo anaenda paka fasi mukono unafika, mukono ukichoka anasimama.

Kile kilibadilisha kilikuwa kidogo sana mpaka naona haya kukiandika. Binti yangu wa tatu alikuwa na miaka 9. Ku masomo yao muzazi anatia sinyatire (saini) mu kaye (daftari) kila siku, kuonyesha ameona kazi ya mutoto. Usiku moja, kuran (umeme) imekatwa, natafuta karatasi ya kuandikia vipimo vya kabati, nikafungua kaye yake na tochi ya telefone. Sinyatire zilikuwa mingi, trimestri nzima, na zote zilikuwa za mutu mumoja, jirani yetu mama muuza makala. Asubui nikamuuliza. Akanijibu bila kukasirika, huku anavaa viatu: «Papa, wewe unarudiaka tukisha lala, na mama anachelewaka ku soko.»

Hakunilaumu. Alikuwa ananieleza tu vile nyumba inatembea. Njo ile ilinipiga, juu nyumba ilikuwa inatembea bila mimi na hakuna mutu alikuwa anashangaa tena.

Ile siku sikuapa kitu. Nilienda kazi, na siku yote nilikuwa naona ile sinyatire ya jirani. Kisha wiki moja nikaenda ku santre ya afya juu ya mugongo, nikakutana na mama mumoja APS (ile kazi ya kusikiliza batu), maneno ikanitoka. Hakuniambia wacha pombe. Aliniuliza: kama ile sinyatire haingekuwa na mana kwako, ungeumia? Nikasema hapana. Akaniuliza tena: unataka kuwa papa wa namna gani, hata kama hakuna mutu anakuona na hakuna mutu atakupongeza? Nilikaa kimya mudaa murefu. Nikasema: papa mwenye anakuwako.

Maneno tatu tu. Lakini miaka yote sijawahi kuisema, nilikuwa nasema paka «nataka kuacha pombe». Na kuacha ni kuacha, iko shimo, mutu haikale ndani ya shimo. Kuwako iko fasi, unaweza kuingia na kuketi.

Tuliangalia pamoja naye kitu gani kidogo sana papa mwenye anakuwako anafanya kila siku. Tukapata sinyatire. Basi nikaanza na sinyatire, si na pombe. Kila siku mbele ya kula, kaye ya mutoto, kalamu, nasoma kidogo, naweka jina yangu. Wiki ya kwanza na ya pili nilisinya kisha nikatoka tena kwenda kunywa, nasema ukweli juu kuna batu hapa watafikiri iligeuka siku moja. Lakini kusinya inaomba ufike na macho mazima, na juu ya kufika na macho mazima nikabadilisha njia, nikaanza kushuka na ngazi za upande wa chini, na ku ngazi hakuna nganda (fasi ya kunywa pombe). Kisha batoto wengine nao wakaleta kaye zao. Sasa iko mwaka moja na miezi saba.

Nataka kusikia benye walipita njia ya namna hii, hata kama si ya pombe. Na benye walianguka pia.

Motari_FeuRouge

Papa nakuheshimu lakini hiyo maneno ya kujiuliza nataka kuwa mutu wa namna gani iko ya batu benye wamekula. Mi naamka saa kumi na moja, baridi, pikipiki haiko yangu, versema ya patron (pesa ya mwenye pikipiki) lazima ipatikane kila jioni mvua iko ao haiko. Asubui na benzangu tunapiga ka kanyanga (pombe kali) kamoja ka kutosha baridi, basi mbili, basi siku imeanza. Nikose hata ile niikale kuuliza mutima wangu maswali? Wakati gani?

Mama_Sambaza

Jambo papa fundi. Mi nauzisha sambaza ku soko ya Kadutu, kaye yangu haikuwa ya masomo ilikuwa ya AVEC.

Benye hawajui, AVEC iko kikundi, tuko bamama makumi mbili na tano, kila juma kila mumoja ananunua maparti kufwatana na nguvu yake, pesa inaingia mu sanduku yenye makufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa bamama batatu mbalimbali, mwisho wa mwaka tunagawa. Na wakati mabenki zilifunga hapa 2025 tuliona vile ile sanduku inatusaidia. Basi mi miaka mbili nilikuwa naingia na natoka. Juma mbili nanunua parti tano, juma ya tatu sina kitu, ya ine nakopa ya kulipa faini. Kila jioni nilikuwa nasema kesho nitatosha ya AVEC mbele, na kila kesho ilikuwa inakula yote.

Mwenye anatufundisha alituuliza siku moja, unaweka pesa juu ya nini. Bote tukasema juu ya pesa! Akasema sawa, na pesa juu ya nini. Nikasema nisiombe tena ku mulango wa shemeji. Bamama wakapiga mikono. Niliona hapo nimefika, nilikuwa na hasira, na hasira inatia nguvu. Nikaweka vizuri mwezi mbili. Kisha yule shemeji akahamia Kamituga kuchimba zahabu, na mi nikaacha kuweka! Nilishangaa sana. Nilikuwa nakimbia mutu, na mutu akishaenda sikuwa tena na sababu ya kukimbia.

Nikarudi kujiuliza peke yangu, usiku, huku naosha masafuria. Ile mulango wa shemeji ilikuwa inaniuma fasi gani? Haikuwa ile aliniambia. Ilikuwa vile mwanangu mukubwa alikuwa nyuma yangu na alisikia. Mi nilikomea kalasi ya tatu, mama yangu alikuwa anasimama mu milango za batu ivyo ivyo na mi nyuma yake. Nataka batoto yangu wakomae bila kujifunza kusimama nyuma ya mutu mwenye anaomba. Ile njo yangu. Hata shemeji akufe, hata nipate pesa mingi, ile itabakia.

Sasa natosha ya AVEC asubui, mbele ya kununua sambaza, si jioni. Nikinunua sambaza kwanza pesa iko na kazi tayari. Naweka mu kopo ya maziwa yenye mutoto aliandika jina zao bote watano na bic. Sijakosa juma tangu mwezi wa sita.

Aps_Bagira

Mimi ni APS, nafanya kazi upande wa Bagira, mwaka wa tisa sasa. Si mimi nilimpokea kaka fundi, lakini niruhusuni niongeze, juu haya nayakuta kila wiki.

Zile mara nne zina maelezo. Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, toka miaka ya 1980 wanafuatilia swali la nini kinamsukuma mtu, wakavipanga visukumio kama ngazi. Chini kabisa unafanya kitu juu ya zawadi ao azabu. Pale juu kidogo kuna kitu kigumu kukitambua: azabu imehamia ndani, hakuna tena mtu anakufuata, unajichapa mwenyewe kwa haya. Kwa kumwangalia utasema huyu ameamua kweli. Ndiyo mtu analia mbele ya kanisa na machozi ni ya kweli kabisa, lakini siku haya ikipungua kidogo, ao siku haya ikizidi mpaka anataka kuisahau, anarudi kwenye chupa ileile. Kupanda zaidi njo unafika pale unafanya kitu juu wewe mwenyewe unakiona kina maana, hata kama si kitamu. Kusinya kaye na usingizi wa saa tatu ya usiku si kitamu.

Mama Sambaza amesema jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa, kwamba kukimbia kitu na kwenda ku kitu vinafanana miguu lakini kimoja kinaisha. Mimi nawaelezaka hivi: toka Bukavu ukikamata boti kuelekea kaskazini, utafika Goma. Goma ni objektifu, unashuka, imeisha. Lakini ukishuka Goma kaskazini bado iko mbele yako, haujaifikia na hautaifikia. «Miezi sita bila pombe» ni Goma. «Papa mwenye anakuwako» ni kaskazini. Watu wengi wanaanguka siku ileile wamefika Goma yao, wanasherehekea na kile waliacha.

Juu ya siku: msidanganywe na ile ya siku 21. Phillippa Lally na wenzake, London, walifuata watu 96 kwa wiki 12, kila mtu amechagua kitu kidogo cha kufanya kila siku saa ileile ao kisha tendo lilelile, kama kunywa maji na chakula cha mchana. Katikati ya hesabu ilikuwa siku 66 mpaka kitu kiende chenyewe, na tofauti ilikuwa kubwa, toka 18 mpaka 254. Na walikuta kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Hii ya mwisho naisema kila siku pale ninapofanya kazi, juu watu wetu wakikosa mara moja wanasema nimesha vunja, basi niende tu mpaka mwisho.

Kuna swali moja wenzetu wanalipenda, «siku ya kilio yako ungetaka watu waseme nini juu yako». Mimi nililiacha. Hapa kwetu watu wamekaa ku vilio mingi sana, ukiwauliza hivyo wanafikiri maiti zao, wanafunga. Nauliza tu: wiki hii nini kilikuuma, na kingekuwa bure kingekuuma? Maumivu yanaonyesha fasi mtu ameweka kitu cha bei.

Motari, kaka yangu, wewe haujakosea. Njaa ni njaa, na mimi simwambii mtu mwenye hajakula toka jana aandike orodha ya thamani zake. Lakini si kweli kwamba ni mambo ya walioshiba. Kaskazini ya Uganda, ku kambi ya wakimbizi wa Rhino, walipimia njia ya OMS (Shirika la Afya Duniani) kwa wanawake wa Sudan Kusini karibu mia saba, watu waliokimbia vita na kupoteza watu wao. Mikutano mitano, sauti iliyorekodiwa, michoro, bila dokta. Moja ya mambo waliyojifunza ni hilo: kitu gani ni cha maana kwako, na leo, hapa kambini, ni tendo gani dogo linaenda upande wake. Matokeo yalitoka mwaka 2020, uzito wa mawazo ulipungua kuliko kwa wale hawakuipitia. Hawakupewa pesa wala nyumba, na mimi nasema wazi walipaswa pia kupewa. Lakini mtu aliyenyang'anywa karibu yote, pale anapoweza bado kuchagua kitu kimoja, kile kimoja kinamsimamisha.

Mtumishi_Nguba

Shalom. Nauliza kwa upendo: kwa nini mutu ajitafutie valere (thamani) zake wakati Neno limesha tupa? Tukianza kila mutu achague yake, si tutapotea?

Fundi_Cimpunda

Mutumishi asante kwa kuuliza vizuri. Mi pia ni mukristo na sikuacha kanisa, hata leo. Lakini zile amri nilikuwa nazijua kwa kichwa mu ile miaka kumi na mbili yote, na pale ku meza ya nganda tulikuwa batu sita na bote sita tulikuwa tunazijua. Kutafuta yangu haikuwa kutunga mupya. Ilikuwa kujua kati ya yote nilifundishwa ni gani imeshika ndani yangu kiasi cha kunisimamisha ku kiti. «Papa mwenye anakuwako» hata Biblia haiikatae.

Lwenge_Uvira

Habari zenu kutoka Uvira. Mimi ni mwanafunzi, nasoma Bukavu, nimerudi nyumbani kidogo. Tatizo langu si pombe ni pari, kubeti mipira. Nimesoma post ya fundi mara tatu na kuna kitu kinanisumbua, kwa sababu mimi nilipojiuliza nathamini nini nilipata jibu bila shida: mama yangu. Baba alifariki, mama anauza mafuta ya mise (mawese), pesa ya masomo anatuma yeye. Na ndiyo maana nilikuwa nabeti! Kila tiketi nilikuwa nafikiri hii ikitoka namtumia mama dola mia, anapumzika mwezi. Kwa hiyo thamani nilikuwa nayo na tabia mbaya nilikuwa nayo na vilikuwa vinatembea pamoja, sasa hapo mnasemaje? Nimepoteza ada ya muhula mmoja na mama hajui.

Aps_Bagira

Lwenge mdogo wangu, umeandika kitu cha kweli kabisa na nakushukuru. Tabia mbaya mara nyingi imekamata thamani nzuri mkononi, njo maana haitoki kwa kutukanwa. Ukiambiwa wacha pari, ndani yako unasikia wacha kumsaidia mama, na nani atakubali?

Basi usiguse ile thamani, ni nzuri. Iulize tu swali lingine: kumpenda mama, kama leo hauna hata franka moja ya kumtumia, kunafanana na nini? Usifikiri haraka, na usinijibu mimi.

Na ile ada, zungumza naye. Najua ni nzito. Ila siri hiyo itakurudisha ku tiketi, utataka kuirudisha yote mara moja kabla hajajua, na mwenye anataka kurudisha yote mara moja fasi ya kwenda ni moja tu.

Mama_Sambaza

Mwanangu Lwenge, mi niko mama mwenye anatuma minervali (ada ya masomo). Nakuambia tu kitu kimoja, mwanangu wa pili akinipigia telefone bila kuomba kitu, ile siku nauzisha vizuri. Mwambie.

Mwalimu_Kadutu

Naingia nimechelewa. Mimi napenda huu uzi lakini naona mnapita haraka juu ya kitu kimoja, kwamba mtu hana thamani moja tu, anazo kadhaa na zinagombana. Kuna Shalom Schwartz, mwaka 1992 alizipanga aina kumi kwa kuuliza watu wa nchi mingi, akazichora kama duara, zenye ziko jirani zinasaidiana, zenye zinaangaliana zinavutana. Kujitegemea na kufuata desturi za wakubwa, kwa mfano, haviketi kiti kimoja kirahisi.

Nalisema juu ya maisha yangu. Nilitaka kuwa na zoea la kusoma saa moja kila jioni, napenda kusoma, nilijua kabisa ni yangu. Haikushika hata wiki. Nilifikiri niko mvivu. Kumbe kila jioni nyumba yangu inapokea watu, mdogo wa mke, mtoto wa jirani, mgeni wa kijijini, na kumpokea mtu kwetu si jambo la kuweka pembeni, mimi mwenyewe nalithamini kuliko kitabu. Nilikuwa nashindana na mimi mwenyewe nikijiita mvivu. Siku nilikubali kwamba ukarimu njo uko juu, nikahamisha kitabu alfajiri, saa kumi na moja wageni wamelala. Niko na mwaka sasa.

Na mama wa AVEC ametuonyesha upande mwingine: pesa ukiipa jina mapema, hata ndugu akija kuomba unaweza kumjibu bila uongo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walipima Kenya ya magharibi, matokeo yakatoka 2013, kisanduku tu cha chuma chenye kufuli na mtu ametaja pesa ni ya kitu gani cha afya, watu wakaweka zaidi kuliko wale hawakupewa. Kopo lake la maziwa lenye majina ya watoto naliona ni jamaa ya kile kisanduku.

Fundi_Cimpunda

Mwalimu umenigusa. Hata mi ku nganda haikuwa pombe peke, ilikuwa benzangu. Tulijenga pamoja, tulizikana pamoja. Nilipoacha kupita pale wawili walisema nimekuwa na majivuno, na iliniuma kweli juu urafiki nao nauthamini, sikuutupa. Ilinichukua miezi kupata vile nitafanya. Sasa juma mosi asubui tunafanya salongo (kazi ya pamoja) ya mutaro wa avenii yetu, mi njo naita, na mumoja kati ya wale wawili anakuja na chepeo yake. Mwingine bado tunasalimiana tu.

Na kuna usiku moja nilianguka kisha kuanza sinyatire, sikuieleza pale juu. Ilikuwa mwezi wa nne, kilio ya rafiki. Nilikunywa mpaka asubui. Zamani kesho yake ningesema basi imekufa. Ile kesho nilifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, macho mekundu, nikaomba kaye. Binti alinipa na akanusa, nikajua amenusa. Nikasinya. Sikuwa na neno lingine la kufanya.

Lwenge_Uvira

Nimempigia mama jana. Sijasema yote, nimesema ya ada. Alinyamaza muda mrefu nikafikiri inite (salio) imeisha. Akasema leta zile karatasi za masomo zote nyumbani tuhesabu pamoja. Kesho nazipeleka. Programu ya kubeti nimeitoa kwenye simu, lakini naandika hili la pili kwa sababu la kwanza ndilo lililonipa usingizi.

Motari_FeuRouge

Siku kumi na moja tangu niandike pale juu. Sikutaka kurudia lakini naona niseme.

Aps uliuliza nini kilikuuma hii wiki. Nilisema bure, hakuna. Kisha siku ya jumatatu nilikuwa napandisha kliya (mteja) Funu saa moja asubui, nikaona mama mumoja muzee anapanda na bidoni ya maji ku mugongo, litre makumi mbili, anasimama kila hatua kumi. Nilitaka kupiga honi atoke njiani. Alikuwa mama yangu.

Mama anaikala kilometre mbili na pale naweka pikipiki. Mi ile saa anapanda na maji niko na benzangu natosha baridi.

Sikuandika orodha. Nilisema tu, pikipiki ingine yote ya siku iko ya patron, lakini mbele ya kliya wa kwanza inaweza kubeba bidoni ya mama. Saa kumi na moja na nusu. Mu zile siku zenye nilienda, kanyanga haikuingia, si kwamba niliikataa, wakati tu haukukuwa. Siku zenye sikuenda iliingia. Nilienda siku ine.

Fundi_Cimpunda

Siku ine ni siku ine, kijana wangu. Na mama alisema je?

Motari_FeuRouge

Hakusema kitu. Leo asubui nimekuta bidoni mbili ku mulango.